Kanu Aliyeomba Afungiwe Mlango

Usinikunjie pua kabla sijaanza. Mola aliyempa ulimi hudihudi mbele ya Nabii Suleiman, juu yake amani, hashindwi na kanu. Ukiona huwezi kuamini, sikiliza tu. Kusikiliza hakuvunji udhu.

Inasimuliwa kwamba katika wema waliotangulia alikuwapo mcha Mungu mmoja, Bi Mize binti Shali, akiishi na kaka yake kipofu, Mzee Faki. Riziki yao ilikuwa kuku tisa. Mayai yakikosekana, walilala na maji.

Siku moja mtego wa jirani ulimnasa kanu, yule mnyama mwembamba wa madoadoa ambaye kuku wakimnusa husahau hata kutaga.

"Nitoe, bibi," akalia kanu alipomwona Bi Mize akipita. "Naapa kwa Aliyeniumba, kuku wako sitawagusa."

Bi Mize akamtoa, akachana ushungi wake akamfunga mguu, akamlaza jikoni. Bibi huyo, Mungu amrehemu, alikuwa na kasoro moja: aliona haya kumshuku mtu. Kila aliyeapa mbele yake alikuwa mkweli, na komeo kwake lilikuwa tusi kwa kiapo.

Siku ya saba, kabla ya magharibi, akampakata kanu kuelekea bandani.

"Dada, wampeleka wapi huyo?" akauliza Mzee Faki.

"Akalale na kuku. Ameapa."

"Hata mimi huapa sitaumaliza wali. Umewahi kuona ukoko?"

"Kaka, aliyeapa kwa Mungu huaminiwa."

"Aaminiwe huko nje! Macho sina, dada, lakini masikio ninayo. Kuku wako wamenyamaza."

Bi Mize akaingia bandani, akamweka kanu juu ya majani makavu katikati ya kuku waliojikunyata, akasema, "Nimekuamini." Kisha akageuka aende zake.

"Bibi, simama."

Akasimama.

"Mguu huu umepona tangu siku ya nne," akasema kanu. "Nimechechemea kwa hila, nikiungoja mlango huu."

"Na kiapo chako?"

"Niliapa kamba ikiwa imenikaza. Kamba haipo tena; njaa ipo." Kanu akainamisha kichwa. "Lakini tangu nizaliwe hakuna aliyenipa mgongo bila jiwe mkononi. Nimeona aibu. Nitoe, bibi, unifungie mlango, kabla aibu hii haijanitoka."

Bi Mize hakulia, wala hakumpiga.

"Siku tatu umenidanganya," akasema, "na mara moja umesema kweli. Ushukuru hiyo moja, maana kaka yangu yuko nyuma ya mlango na mchi."

"Mzito kweli kweli," ikajibu sauti ya Mzee Faki kutoka nje.

Basi enyi wenye kuamini upesi, zingatieni. Dhana njema ni ibada, lakini kumlaza mwenye njaa juu ya chakula cha mwenzake ni kumtia mtihanini, kisha ukamlaumu. Na toba ya kweli haijisifu nguvu. Huujua udhaifu wake, ikaomba kufungiwa.

Bi Mize akamwinua kanu kwa mkono mmoja, yai moja lenye joto la kiota akalichukua kwa mkono wa pili, likawe chakula chake cha njiani. Kuku wakaanza kuteta tena. Naye akatoka, moyo mweupe, akaufunga mlango akatia komeo.