Nyamizi na Shavu la Ndama

Paukwa!

Pakawa!

Aliyeshiba?

Akalale.

Mwenye masikio?

Asogee.

Haya, sogeeni. Lakini mikono isisimame, mahindi haya hayatajipukuchua. Anayesikiliza apukuchue, anayepukuchua asikilize, na wewe shemeji uliyejificha nyuma ya gunia nimekuona.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na maneno na watu walipokuwa na adabu ya kuwajibu, paliondokea bibi mmoja aitwaye Nyamizi. Kazi yake ilikuwa kusuka nyungo na makapu. Alikuwa na ng'ombe mmoja, Madoa, na Madoa alikuwa na ndama mmoja. Tena alikuwa na mjukuu mmoja, Limi, mtoto wa siku kumi, ambaye mama yake alifariki siku ile ile ya kumzaa. Mmoja, mmoja, mmoja. Nyumba ya Nyamizi haikuwa na cha pili.

Limi aliishi kwa maziwa ya Madoa. Nyamizi aliyachemsha, akayapoza, akamdondoshea mtoto kinywani kwa ncha ya kitambaa. Tone, tone, tone, mpaka mtoto anasinzia.

Kiangazi kikaja kikali. Wanakijiji wote wakaswaga mifugo kwenda malisho ya mbali, mwendo wa siku sita. Nyamizi akabaki, maana mtoto wa siku kumi hawezi safari ile. Mazizi yote yakawa matupu isipokuwa moja. Fisi akapita, akayahesabu, akaliona hilo moja. Akaja alfajiri, akabeba ndama mzima mzima. Hakuacha kwato.

Asubuhi Nyamizi akaenda kukamua. Akavuta chuchu, hakuna kitu. Akavuta tena, hakuna kitu. Akasema:

"Madoa, Madoa, shusha maziwa, mtoto analia."

Madoa akajibu:

"Nyamizi, Nyamizi, mimi sina neno, kiulize kiwele."

Nyamizi akakiuliza kiwele. Kiwele kikanyamaza.

"Si ukaidi," Madoa akamwambia. "Mtoto wako namhurumia, na wangu namlilia. Miguu yangu naiamuru, mkia wangu nauamuru. Kiwele hakipokei amri yangu. Kinataka nimlambe ndama kwanza."

Sasa sikilizeni. Wafugaji wa nchi ile walikuwa na dawa ya jambo hili. Ndama akifa, walimchuna, wakaijaza ngozi yake nyasi, wakaisimamisha karibu na mama yake. Mama alilamba, maziwa yakashuka. Lakini ndama wa Nyamizi alikuwa tumboni mwa fisi na ngozi yake. Na majirani wenye ngozi walikuwa huko malishoni, wamezilalia.

Nyamizi akapika uji mwembamba kama maji. Limi akautapika. Akampa tena, akautapika tena. Kufika jioni kilio cha mtoto kilikuwa kimepungua, na wewe usiyewahi kulea usidhani hiyo ni habari njema. Mtoto mwenye nguvu hulia kwa nguvu.

Nyamizi aliogopa, nasema wazi. Akanyoosha vidole vyake mbele ya moto. Akavitazama vidole vile, akaviambia: "Nyie mmesuka makapu miaka arobaini. Kesho mtasuka uso wa ndama, na mimi nitauvaa."

Kulipokucha akatafuta vifaa. Alikuwa na nini? Alikuwa na kapu kuukuu lililotoboka kitako. Akalikunja, akalibana, akalishona, likatoa paji, likatoa taya, likatoa pua. Alikuwa na ndala za ngozi, jozi moja ya maisha yake. Akazikata masikio. Alikuwa na kokwa mbili nyeusi. Akazisugua kwa nta ya nyuki mpaka zikang'aa, zikawa macho. Akafinyanga pua kwa udongo mweusi wa kisimani, akaifunika kitambaa kibichi isikauke.

Na manyoya? Hapo ndipo alipoketi akafikiri. Kisha akainuka na Limi mgongoni, akaingia katika mazizi matupu ya majirani, moja baada ya jingine. Mmeona nguzo za zizi? Ng'ombe akiwashwa hujikuna pale, na manyoya hubaki kwenye magome. Nyamizi akayachambua kwa kucha. Mekundu huku, meupe kule, ya kahawia pale. Nguzo mia na zaidi. Hakuna aliyemwuzia, hakuna aliyemkopesha.

Gundi akaipata chunguni: uji ule aliokataa Limi aliuchemsha tena mpaka ukawa mzito wa kunata. Akabandika manyoya kuanzia kwenye paji, akashuka mpaka puani. Uso ukakauka. Akauvaa, akapiga magoti kando ya shingo ya Madoa, pale ndama alipozoea kusimama.

"Madoa, Madoa, shusha maziwa, mtoto analia."

"Nyamizi, Nyamizi, mimi sina neno, kiulize kiwele."

Madoa akatoa ulimi, akalamba mara moja. Manyoya yakang'oka nusu shavu, yakamjaa mdomoni. Akatema, akapiga chafya.

"Hili ni kapu," akasema Madoa. "Nasema kwa wema, lakini hili ni kapu."

Kiwele kikanyamaza.

Nyamizi hakulia. Alijilaza chali ndani ya nyumba, mtoto kifuani, akatazama juu. Juu kulikuwa na paa. Akalitazama paa lake mwenyewe kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Kisha akajipiga paji la uso. Mwezekaji huanza wapi? Huanza chini, kwenye ukingo, akapanda, na kila tabaka la nyasi hufunika mashina ya lile la chini yake. Yeye alianza juu, akaacha mashina yote wazi. Miaka yote hiyo amelala chini ya jawabu.

Akabandua, akaanza upya. Safari hii alianza puani, akapanda mashavuni, akapanda paji, akamaliza masikioni. Mekundu pembeni, alama nyeupe katikati, kama alivyokuwa ndama. Akaupuliza, manyoya yakalala pamoja, yakainuka pamoja. Hata mimi na wewe tungedanganyika.

Akauvaa, akapiga magoti.

"Madoa, Madoa, shusha maziwa, mtoto analia."

"Nyamizi, Nyamizi, mimi sina neno, kiulize kiwele."

Madoa akanusa pua, ilikuwa na unyevu. Akalamba shavu la kulia, manyoya hayakung'oka. Akaguna ile sauti ya chini ambayo ng'ombe humgunia mwanawe. Kiwele kikaanza kulegea. Nyamizi akaisikia sauti ile, akajizuia asitikisike. Madoa akahamia shavu la kushoto. Akalamba. Akasita.

"Upande huu ni wa nani?" akauliza.

Nyamizi akakimbilia kiwele, akakamua tone moja la maziwa. Moja tu. Akalitia kinywani mwa Limi kwa kidole, na mtoto akakinyonya kidole mpaka usingizi ukamchukua.

"Niambie upande huu ulikuwaje," akasema Nyamizi.

"Nilikuwa naulamba, sikuutazama," akajibu Madoa. "Ulimi wangu unaujua, ila haujui kuueleza. Wewe ulimwona kila siku."

Na hapo Nyamizi akaelewa kosa lake. Nchi ile mkamuaji alikaa kuume kwa ng'ombe, na ndama akafungwa kuume, karibu na shingo ya mama yake. Shavu la kulia lilikuwa kwa watu, shavu la kushoto lilikuwa kwa mama. Ndivyo walivyofanya mababu zake, ndivyo alivyofanya yeye. Miezi mitatu alikaa na ndama yule, akamwita kwa jina, akamkuna shingo, na hakuwahi hata siku moja kulitazama shavu lake la kushoto.

Nani mwingine aliliona? Mmoja tu. Aliyelila.

Wewe shemeji ungekwenda? Usijibu, pukuchua.

Kulipokucha Nyamizi akamfunga Limi mgongoni, akashika fimbo. Uso wa ndama akauvaa kichwani, maana jua lilikuwa kali na mikono yake haikutosha, na akiuacha nyumbani mchwa watakula gundi. Akaenda pekupeku, maana ndala zilikuwa masikio. Miiba ikamchoma, akaing'oa, akaendelea. Mchanga ukamwunguza, akaukanyaga, akaendelea. Adhuhuri akafika kwenye shimo la fisi.

Fisi alikuwa amelala na shibe yake. Nyamizi akainama kwenye mdomo wa shimo ili amwite kwa heshima. Kabla hajasema neno, Limi akalia mgongoni. Kilio cha mtoto aliyedhoofika ni chembamba, kinatetemeka. Ndani ya shimo kilisikika kama mlio wa ndama.

Fisi akafumbua jicho. Akaona masikio ya ndama. Akafumbua la pili. Akaona uso wa ndama, uso ule ule, umemwinamia kutoka kwenye mwanga.

"Si nilikumaliza," akasema fisi.

Nyamizi alikuwa amekuja kuomba. Lakini aliisikia sauti ya fisi ikitetemeka, akajua kuwa leo haombi mtu.

"Fisi, Fisi, nitazame shavu la kulia. Ndilo?"

"Ndilo, bwana wangu."

"Fisi, Fisi, nitazame shavu la kushoto. Ndilo?"

Fisi akakodoa. "La, silo. La kushoto manyoya yalilala kinyume. Yalianzia kidevuni yakapanda sikioni. Nalijua vizuri, yalinikwama kooni nikakohoa usiku kucha. Nisamehe, nilidhani wewe ni chakula."

"Fisi, Fisi, nini changu kimebaki kwako?"

"Mkia," akasema fisi, akilia sasa. "Nilijiwekea akiba."

Jamani, fisi aliyeweka akiba! Siku hiyo moja tangu dunia iumbwe, na hata hiyo hakuila. Akausukuma mkia nje kwa pua, akajikunyata mwisho wa shimo. Nyamizi akauchukua, akaondoka bila kukimbia, mpaka alipopita kilima. Baada ya kilima alikimbia, sitawaficha.

Njiani alifikiria maneno ya fisi. Manyoya yanayopanda juu? Kisha akaona. Kila asubuhi Madoa alilamba shavu lile lile, kutoka kidevuni kwenda sikioni, kutoka kidevuni kwenda sikioni, mpaka manyoya yakasahau upande wake wa kuzaliwa. Lile shavu lilikuwa limetengenezwa na ulimi wa mama.

Akafika, akabandua shavu la kushoto. Akalibandika upya, manyoya yakitazama juu. Akachukua mkia wenye harufu ya ndama, akaushona chini ya taya. Jua lilikuwa linashuka. Limi alikuwa hatoi tena sauti, anapumua tu. Nyamizi akauvaa uso, akapiga magoti mara ya tatu. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Madoa, Madoa, shusha maziwa, mtoto halii tena."

Madoa akashusha kichwa. Alinusa mkia. Akalamba shavu la kulia. Akahamia la kushoto, akaanzia kidevuni, akapanda sikioni. Akarudia. Akarudia. Machozi ya ng'ombe yakamtiririka usoni, na ulimi haukusimama.

Kiwele kikajibu.

Maziwa yalishuka mpaka yakaanza kudondoka yenyewe. Nyamizi alikamua na uso wa ndama ukiwa kichwani, akachemsha na uso wa ndama ukiwa kichwani. Tone, tone, tone. Kabla nyota hazijajaa, Limi alilia kwa nguvu, na Nyamizi akakaa chini akacheka peke yake kama mwendawazimu.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Anavaa, anapiga magoti, analambwa, anakamua. Mwezi ukapita, wa pili ukapita, wa tatu ukapita. Mvua zikanyesha, wanakijiji wakarudi na mifugo yao. Jirani mmoja akachungulia zizini asubuhi, akamkuta Nyamizi amepiga magoti na ng'ombe anamlamba.

"Dada Nyamizi," akasema, "mbona umevaa kapu bovu?"

Nyamizi akajipapasa. Manyoya hayakuwapo. Ulimi wa Madoa ulikuwa umeyachukua kidogo kidogo, siku baada ya siku. Gundi ilikwisha, ukindu wa shavu la kushoto ulikwisha, na pale pembeni palikuwa wazi kabisa. Madoa alikuwa analamba kichwa cha Nyamizi mwenyewe. Kwa siku ngapi, hakuna ajuaye. Na maziwa yalikuwa yanashuka.

"Ulijua?" Nyamizi akamwuliza.

"Nilijua tangu siku ya kapu," akasema Madoa. "Ni kiwele kilichokuwa hakijui. Sasa kinajua."

Nyamizi akalivua kapu, akalitundika kwenye nguzo ya zizi. Hakulivaa tena. Lakini nywele zake za mvi, upande wa kushoto, zililala kinyume, kutoka shavuni kwenda juu. Alizichana, zikarudi. Alizipaka mafuta, zikarudi. Alizikwa nazo hivyo, na Limi, mama mtu mzima kwa wakati huo, ndiye aliyemfunga kitambaa cha mwisho.

Tangu siku ile fisi akitembea hugeuka nyuma, anatazama kama shavu la kushoto linamfuata.

Funzo? Mnalo mikononi, lakini nitalisema kwa ajili ya shemeji. Ukikosa ngozi, tumia kapu na nguzo na uji uliotapikwa, na ukikosea bandua uanze upya. Wala usiseme unamjua mtu ambaye umemwona upande mmoja tu.

Ngano yangu imeingia zizini, nimeweka komeo. Iliyowanogea mkawasimulie wengine, isiyowanogea mwachieni fisi, atajua pa kuiweka.

Na mtu asiniambie nifungue kitambaa changu atazame nywele za kushoto. Bibi yangu aliitwa Limi, na mimi alinilamba kwa ulimi wa maneno tu, yaani ngano hii. Pukuchueni, gunia halijajaa.