Vileja Vyeupe vya Bibi Lubaba

Wamesimulia wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Wasiti, ulioko baina ya Basra na Kufa, alikuwako mja mwema mwanamke akiitwa Lubaba bint Sinani. Alikuwa mjane. Marehemu mumewe alimwachia binti mmoja, Jumana, na tanuri la kuokea karibu na soko la nafaka, na kwa tanuri lile Bibi Lubaba akamlea binti yake hata akawa mwari.

Kazi yake ilikuwa kuoka vileja na kuviuza. Msidhani ni vileja hasa hivi vyetu vya unga wa mchele tunavyogombea siku ya Idi. Vyao vilikuwa vya ngano, lakini ukoo ni mmoja, na mwenye kupenda vitamu ameshanielewa. Alitia unga, samli ya ng'ombe, mayai na asali, na iliki kidogo ya kunukia, basi. Akiulizwa kuna nini ndani, alivitaja vyote kwa pumzi moja. Wangapi leo katika sisi tunaouza chakula tunaweza kuulizwa swali hilo tusianze kukohoa?

Tena alikuwa hagusi unga ila ametawadha. Watu walimtania, "Bibi Lubaba, unakwenda kuoka au unakwenda kuswali?" Naye hucheka, akasema, "Mtu ananipa tumbo lake bila ya kuniona nikipika. Amana gani kubwa kuliko hiyo?"

Basi ukaingia mwaka wa ukame. Malisho yakakauka, ng'ombe wakalishwa mabua, kuku wakawa wanadonoa makapi kwa kukosa majani mabichi. Wenye kufuga wanajua habari hii: ng'ombe asiyeonja jani bichi samli yake hutoka nyeupe, na kuku naye kiini cha yai lake hupauka. Vileja vya Bibi Lubaba, vilivyozoeleka kwa rangi yake nzuri ya manjano, vikaanza kutoka tanurini vyeupe. Utamu ulikuwa ule ule, na vipimo vile vile. Rangi tu ndiyo iliyokwenda zake.

Waokaji wengine wa soko hawakushindwa na ukame. Wakachukua manjano ya kupikia mchuzi, wakatia kijiko katika kinyunya, na vileja vikang'aa kuliko hata mwaka wa neema. Kisha wakafikiri: ikiwa rangi tunaipata kwa manjano, mayai ya nini? Wakapunguza mayai, halafu wakayaacha kabisa. Samli nayo wakaibadili kwa shahamu ya kondoo. Ndivyo ghushi inavyokwenda, ndugu zangu, huanza kwa kijiko.

Na watu wa Wasiti, Mungu atusamehe sisi na wao, walikuwa na kanuni yao moja waliyorithi kwa mabibi zao: kileja chenye rangi kali ndicho chenye mayai mengi. Kanuni ile ilikuwa kweli zamani. Mwaka ule ikawageuzia mambo juu chini. Walioacha mayai wakaitwa wakarimu, na mama wa watu aliyekuwa akiyavunja bakuli zima akaitwa bahili. Sisi husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Loo! Mwaka ule chema kilikaa juu ya sinia tangu asubuhi hadi alasiri, wateja wake ni nzi.

Jirani yake wa dukani, mwokaji aitwaye Hayyani, akamwonea huruma. Hakuwa mtu mbaya Hayyani, alikuwa mfanyabiashara tu. Akamwendea akamwambia, "Bibi Lubaba, unajitesa bure. Macho ndiyo yanayonunua, ulimi huja baadaye. Tia manjano. Si haramu, ni mzizi wa ardhini, Mungu kauumba mwenyewe."

"Mchuzini natia," akajibu. "Na anayekula mchuzi anajua kuwa ni manjano. Akiiona rangi ile kwenye kileja, atadhani ni mayai."

"Lakini kwako mayai yamo! Utakuwa umemdanganya nini?"

"Yamo, alhamdulillahi. Ila nikitia na manjano, mnunuzi atanitofautishaje na asiyetia mayai? Nitakuwa nimempa mwongo mahali pa kujificha."

Hayyani akatikisa kichwa, akarudi kwake, kwani wateja walikuwa wakimwita.

Ikawa katika siku hizo hizo Jumana ameposwa. Mchumba wake alikuwa Muadhi, kijana wa dini na haya, mwana wa Bi Unaisa wa nyumba ya wauza nguo, watu wenye jina mjini. Jumana moyo wake ulikuwa umekwisha kutua kwa kijana yule. Hakulisema hilo kwa mdomo, lakini mama hahitaji kuambiwa.

Ilikuwa mila ya mji ule kwamba kabla ya nikaha mama wa bibi harusi hupeleka kwa wakwe sinia la vileja vya mkono wake mwenyewe. Mama wa bwana harusi hulifunua mbele ya wanawake wa ukoo. Akiridhika, hula kimoja na vingine huvigawa, na nikaha inakuwa imethibiti. Asiporidhika, hulifunika tena akalirudisha, na hungojwa sinia la pili. Likirudi na la pili, basi tena, kila mtu na njia yake.

Bibi Lubaba akaoka vileja vya binti yake huku akimsalia Mtume, rehema na amani zimshukie. Alitia samli na mayai kwa ukarimu ambao hajapata kuutia maishani. Vikatoka laini, vinanukia, na vyeupe pe. Akavipanga, akavifunika kwa kitambaa cha hariri, akavituma.

Hazikupita saa nyingi, sinia likarudi limefunikwa. Mjakazi aliyelibeba aliona haya kusema alichotumwa, lakini akasema: "Bi Unaisa anasema, mwanawe si yatima wa kuletewa unga mkavu. Kama mayai yamekushinda, ungesema, wangekuletea."

Maneno yale yalimchoma Bibi Lubaba, wala sitawaficha, alikaa kitako akalia. Kulia hakuvunji subira. Jumana naye alilia kuliko yeye. Akasema, "Mama, kijiko kimoja tu. Kwa ajili yangu mimi."

"Mwanangu, nitakwenda kwa Bi Unaisa mwenyewe nikamweleze habari ya samli na ya mayai."

"Ataamini nini? Kila mwokaji aliyebanwa mwaka huu anasingizia ukame."

Bibi Lubaba akalichukua lile sinia, akatoka nalo nje. Vileja vyeupe akawagawia watoto wa mtaani, akasema, "La haula wala kuwwata illa billahi," akanuia kwenda kwa Bi Unaisa kesho yake.

Kesho yake, kabla hajatoka, akafariki mwanamke jirani, na Bibi Lubaba akaitwa kumwosha maiti. Haki ya maiti haingoji. Akaenda, akamaliza kazi yake, akarejea kumekaribia alasiri. Jumana akamletea birika la maji ya udhu, akawa anammiminia. Ndipo mama alipoviona vidole vya bintiye.

"Jumana, leo tumepika mchuzi?"

"Hatukupika, mama."

Vidole vilikuwa vya manjano mpaka chini ya kucha. Manjano hayo nanyi mnayajua, hayatoki kwa kuosha mara moja. Maji yakawa yanamwagika chini. Kabla mama hajafumbua kinywa, mlango ukabishwa. Ni yule mjakazi wa jana, leo uso unamng'aa kwa furaha. "Sinia la leo limepokewa! Bi Unaisa amekula viwili. Wanawake wamejaa nyumbani, na nikaha ni Ijumaa inshallah. Anasema mje mkae naye."

Hapo sasa ndipo ulipomfika mtihani Bibi Lubaba. Wa jana ulikuwa mdogo.

Akaswali alasiri yake, akabaki juu ya mswala, na wasiwasi ukamjia kwa sauti laini. Wewe umesema uongo gani? Mkono uliotia si wako. Mayai yamo, samli imo, hukumpunja mtu. Mwanao jana alikuwa analia na leo anacheka, unataka nini tena? Nyamaza tu. Kunyamaza nako ni ibada. Tazameni shetani alivyo mjuzi wa dini akitaka! Bibi Lubaba akasujudu akaomba, akainua kichwa, na lile jambo bado limemkaa kifuani. Alimpenda bintiye kuliko roho yake, na alijua kwamba akiufumbua mdomo wake huenda akamvunjia heri yake ya duniani.

Akasimama. "Jifunike shungi, mwanangu. Twende."

Jumana akafahamu, akamshika nguo. "Mama! Utanivunjia ndoa yangu!"

"Huenda. Na ikivunjika nitalia nawe mpaka machozi yaishe. Lakini siwezi kukuingiza kwenye nyumba ya watu kwa sinia linalosema lisilokuwa. Utaishi humo miaka, na kila siku utaogopa."

Wakaenda. Walikuta ukumbi umejaa wanawake, na Bi Unaisa amekaa katikati, kileja mkononi, anakisifia mbele ya wageni. "Haya, mnaona? Hiki ndicho kileja! Mama aliyetia mayai, rangi yenyewe inasema." Alipomwona Bibi Lubaba akamkaribisha kwa vicheko. "Karibu mkwe, karibu! Ya jana yamekwisha."

Bibi Lubaba akamsalimu kwa adabu, akasema, "Dada yangu, nina neno nawe faraghani."

"Faraghani kwa nini, nasi tumekuwa nyumba moja? Sema hapa hapa."

"Basi nisamehe. Hivi vya leo na vile vya jana vimetoka tanuri moja. Vya jana vilikuwa na mayai zaidi. Vya leo vimetiwa manjano."

Mwanamke mmoja akasema "Mh!" akaziba mdomo. Bi Unaisa akakirudisha kile kileja siniani polepole, na uso wake ukabadilika.

"Kwa hiyo umenifanya mjinga mbele ya watu wangu?"

"Kimetoka katika tanuri langu," akasema Bibi Lubaba, "na mwenye tanuri ndiye mwenye kujibu."

Jumana hakustahimili tena. Akajitokeza nyuma ya mama yake, akaitoa mikono yake ndani ya shungi mbele ya wanawake wote. "Si yeye, mama. Ni mimi. Yeye alikuwa akiosha maiti. Mimi niliogopa kumkosa mwanao."

Bi Unaisa akavitazama vile vidole. Kisha akamgeukia mama. "Nilikuwa nimekwisha kuvila. Nilikuwa nimekwisha kuvikubali. Kama ungenyamaza, nani angejua?"

"Mtu, hakuna," akasema Bibi Lubaba.

Bi Unaisa akainamisha kichwa, na wanawake wakangojea waone atapasuka kwa upande gani. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imepungua ukali.

"Vile vyeupe viko wapi?"

"Vimeliwa na watoto wa mtaani."

"Walisemaje?"

"Hawakusema kitu. Midomo ilikuwa imejaa."

Kicheko kikamtoka Bi Unaisa kabla hajakizuia, na ukumbi wote ukacheka naye. Kisha akashika mkono wa Bibi Lubaba, machozi yakimlengalenga. "Nyumba yetu ni ya kuuza nguo. Kila siku nawaonya wateja wangu: msinunue kitambaa kwa rangi, kilowekeni kwanza muone kitabaki nini. Na jana mimi mwenyewe nimelirudisha sinia la mkwe wangu bila ya kuonja hata chembe. Nilikutukana mbele ya hawa, na mbele ya hawa hawa nakuomba radhi. Nikaha ni Ijumaa. Vileja vya karamu ya walima utaoka wewe, vyeupe, usinitilie kitu."

Halafu akamwita Jumana akambusu kipaji. "Nawe usivisugue vidole hivyo. Muadhi akivikuta na rangi, mweleze mwenyewe, kwa mdomo wako. Anza naye hivyo."

Ikawa kama alivyosema. Watu wakala walima, wakauliza vileja vile vimetoka kwa nani, na tangu wiki ile mji mzima ukataka vyeupe. Na mtacheka: hazikupita siku nyingi waokaji wa soko wakaanza kutia chokaa ili navyo vyao viwe vyeupe. Mwaka uliofuata Mola akaleta mvua, ng'ombe wakala majani, na vileja vya Bibi Lubaba vikarudi na rangi yake. Wateja wakaja juu, "Bibi, hata wewe umeanza kutia manjano?" Akawajibu, "Kamuulizeni ng'ombe," akaendelea na unga wake.

Enyi ndugu zangu, kuukataa uongo unaobisha hodi si kazi ndogo, na wako wengi walioiweza. Bibi Lubaba aliukuta uongo umekwisha kuingia ndani, umekwisha kumletea furaha, na hakuna mtu duniani anayemdai neno. Akautoa kwa mkono wake mwenyewe, na mwanawe analia ubavuni pake. Mwenye kitu cha namna hiyo nyumbani kwake, dukani kwake au moyoni mwake, anajijua. Ewe Mola wetu, tupe nguvu ya kufumbua vinywa vyetu pale ambapo kunyamaza kungetufaa.