Tingatinga na Kamera ya Harusi

Alikuwako mpiga picha mmoja, Mwanaidi, mwembamba mwenye maneno matamu. Siku moja alikuwa akipanda milima ya Usambara kwenda kupiga picha za harusi, mizigo ya kamera na taa imemwelemea, jambazi aliyeitwa Tingatinga akamzibia njia.

"Lete kamera!"

"Chukua, kaka yangu. Lakini haiwaki bila betri, na betri zake madukani hakuna. Nani atainunua? Twende huko juu harusini nikupe betri, uondoke na kitu kizima."

"Na hizi taa?"

"Zako pia. Zibebe mwenyewe, nisije nikakukimbia nazo."

Tingatinga akajitwika kila kitu. Alipanda akihema, jasho linamchuruzika, Mwanaidi nyuma yake anatafuna karanga.

Walipofika, bibi harusi alikuwa amevaa sare ya polisi. Bwana harusi vilevile. Wageni nao vilevile, na mbwa wa kituo kavishwa maua.

"Huyu nani?" akauliza mkuu wa kituo.

Mwanaidi akafungua kilemba chake, akatoa betri. "Muulize mwenyewe, afande."

Tingatinga akautua mzigo taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Mpagazi, afande," akasema. "Na wala sidai chochote."