Mtu wa Kupimia Jabali

Hapo zamani, wala si zamani za mbali, zile za picha kusafishwa gizani na mtu kungoja wiki nzima ajue kama alitoka amefumba macho, palikuwa na mpiga picha mmoja jina lake Kajiru. Nitawapa habari zake zote, nanyi msinikatize, maana mwishoni nitawauliza swali na mimi jibu lake sinalo. Nimelitafuta miaka mingi, sijalipata.

Kajiru alikuwa na studio mjini, lakini studio ilimkera. Watu walimkera. Alisema ukimwambia mtu atulie, anakohoa. Ukimwambia acheke, ananuna. Mawe ndiyo yaliyomtuliza moyo. Jabali ukilikuta asubuhi limekaa, jioni utalikuta limekaa. Basi kila akipata nafasi alifunga studio, akabeba kamera, akapanda milimani kupiga picha za magenge na makorongo, mahali ambapo hata mbuzi hupita kwa hadhari.

Safari moja akafika milima ya Shemwa. Shemwa si milima ya kupanda bila mwenyeji, na mwenyeji aliyempata alikuwa Mndeme, kijana mrefu, mcheshi, mwenye mwanya. Nyumbani kwake alikuwa na mkewe Nanzia, mja mzito, na mama yake mzazi, Nakijwa, mjane wa siku nyingi. Mndeme alimpokea Kajiru kama ndugu. Alimpa kitanda chake mwenyewe, yeye na mkewe wakalala chini, na asubuhi akasema amelala vizuri.

Sasa sikilizeni ila ya Kajiru. Mkanda wa picha ulikuwa haba, na milimani hakuna duka. Kila mtu waliyekutana naye njiani alitaka picha, na Kajiru hakutaka kumaliza mkanda wake kwa nyuso za watu. Kwa hiyo alitembea na kamera mbili. Moja nzuri, yenye mkanda, hiyo ya mawe. Nyingine kuukuu, tupu, haina kitu ndani, hiyo ya watu. Akiombwa picha, alitoa ile tupu, akafumba jicho moja, akabonyeza. Ikalia ka. Mtu akafurahi, wakaagana kwa heri. Kajiru aliona hajamdhulumu yeyote.

Wakakutana na mwanamke aliyebeba majani ya ng'ombe. Akatua mzigo, akajifuta uso, akasema, "Nami nitie humo." Kajiru akatoa kamera tupu. Ka.

Wakakutana na ndugu wawili waliokuwa wakipasua mbao. Wakasimama bega kwa bega na msumeno wao katikati, wakasema, "Nasi tutie humo." Ka.

Na siku ya kwenda kwenye jabali kubwa, Mama Nakijwa alikuwa ameketi mlangoni tangu alfajiri, amevaa kanga yake ambayo bado haijaingia maji. Akasema, "Baba, nami nitie humo. Tangu nizaliwe sijapigwa picha. Nikifa, mwanangu abaki na uso wangu."

Ka.

Mndeme hakujua lolote. Yeye alikuwa akitembea mbele anaimba, na kila mara alisema, "Ahsante, fundi. Umenitilia watu wangu wote kwenye mkanda mmoja." Kajiru alijibu kwa kuguna.

Wakavuka korongo lenye mto wa msimu, wakati huo mkavu, mchanga mtupu. Wakapanda upande wa pili mpaka kwenye jabali liitwalo Kiganja, linalochomoza juu ya bonde. Kajiru akalitazama mpaka machozi yakamlengalenga, maana huyu bwana aliweza kulilia jiwe. Lakini kulikuwa na tatizo. Jabali lisilo na mtu halina ukubwa. Kwenye karatasi linaweza kuwa jiwe la kusagia. Kilihitajika kitu cha kulipimia.

"Mndeme, hebu kasimame pale ukingoni."

"Nitasimama, fundi. Lakini hii yangu unipe mwenyewe, mkononi. Mwanangu akizaliwa nataka ajue baba yake alisimama wapi."

"Nakuahidi," akasema Kajiru.

Mndeme akaenda akasimama ukingoni, akacheka. Kajiru akainua kamera nzuri, ile yenye mkanda, akapiga. Ndiyo ilikuwa picha ya mwisho ya mkanda ule. Akautoa, akautia kwenye kikopo chake cha bati, akakaza kifuniko, akakiweka kikopo juu ya jiwe ili atie mkanda mwingine. Akatia. Akainuka. Kikopo kikabaki pale pale.

Walirudi nyumbani jua likiwa bado kali. Nanzia alikuwa amepika makande. Wamekula kidogo tu, Kajiru akatia mkono kwenye mkoba, akapapasa, akapapasa tena.

"Kikopo changu kimebaki kule," akasema. "Lakini hakuna neno. Nitarudi mwaka mwingine."

Mdomo ulisema hakuna neno, lakini mkono uliweka kijiko chini. Na kwa watu wa Shemwa, mgeni akiacha kula, nyumba nzima imeaibika. Nanzia akamwambia mumewe taratibu, "Mgeni ameacha kula. Na picha ya mtoto imo humo humo. Si uende upesi, jua bado lipo?"

Mndeme akainuka, tonge bado kinywani. Kajiru alikuwa na malengelenge kisiginoni, akataka kusimama naye. Mndeme akamkalisha. "Utanichelewesha, fundi. Tena siendi kwa ajili ya mawe yako tu. Mama yumo mle. Shangazi wa majani yumo. Wapasua mbao wamo. Niwaache watu wangu walale nje?"

Wenzangu, hapo ndipo Kajiru angesema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: Kaa ule, ndugu yangu, mle hamna mtu ila mawe na wewe. Alimwona Mama Nakijwa anatabasamu kwa sababu ametajwa. Akaona haya. Akashika kijiko chake, akaendelea kula.

Nanzia akafunika bakuli la mumewe kwa sahani.

Shemwa siku ile haikunyesha hata tone. Mvua ilinyesha huko juu, mbali, ambako hakuna aliyeona wingu. Mwanamke yule wa majani ndiye aliyekuwa karibu na korongo. Alimwona Mndeme akirudi, yuko katikati ya mchanga, amenyanyua kikopo juu. Akamsikia akiita, "Shangazi, nimekipata! Umo humu!" Kisha akasikia ngurumo, na maji yakatokea kwenye kona na magogo yake. Yule mama alipiga kelele, lakini maji yalikuwa na kelele zaidi. Yalipopita, mchanga ulikuwa mchanga mwingine.

Walimtafuta. Kajiru naye alitafuta na malengelenge yake, akalia kama mtoto, wala hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Hawakumpata. Mwishowe akashuka mjini, akafunga studio, akawa anakaa ndani tu.

Na watu wa Shemwa wana ada yao. Mtu asipoonekana mwili, hukatwa mgomba, ukavikwa sanda, ukazikwa badala yake, na matanga yakaanuliwa. Wasipofanya hivyo msiba hauishi, mama hapandi kitandani, mjane havui nguo za msiba. Mjomba wa marehemu, Sefue, nduguye Nakijwa, akakata mgomba akauleta. Nakijwa akaukataa.

"Baba yake naye alichukuliwa na korongo hili hili," akasema. "Mkanipa mgomba, nikauzika. Ule mgomba ukachipua. Nimekuwa naenda kumlilia mume wangu, nakuta mkungu wa ndizi. Mara hii sitaki mgomba."

Basi msiba ukakaa. Bakuli la Mndeme likakaa limefunikwa pale pale, mama hataki liguswe.

Naye Nanzia akawa anashuka korongoni na tumbo lake. Alifukua mchanga kwa mikono, alipekua magogo, alitembea kuufuata mto mpaka nchi isiyo ya kwao. Siku moja, mbali huko chini, kwenye mizizi ya mkuyu, akakuta kikopo cha bati. Mume hakumkuta. Akakifunga kikopo kwenye pindo la kanga, akashuka nacho mjini kwa miguu, akagonga mlango wa studio.

"Fundi, yumo humu. Nitolee."

Kajiru akaingia chumba cha giza. Maji yalikuwa yameingia. Mawe yote yalikuwa yameoza: magenge, mapango, mabonde, yote madoa matupu. Ilisalimika picha moja, ile ya mwisho. Akaitoa kwenye karatasi kubwa, na alipounyanyua mkanda, utando wake unaobeba picha ukabanduka kama ganda la kitunguu. Haikuwezekana kutoa ya pili.

Wewe unayetikisa kichwa huko nyuma, najua unachotaka kusema, kwamba angeipiga picha ile picha. Aliipiga. Jabali likatoka vizuri. Korongo likatoka vizuri. Mndeme ndiye hakutoka. Maana katika ile picha yeye alikuwa na urefu wa njiti ya kiberiti, na uso wake ulikuwa sawa na mbegu ya papai. Katika ile ya asili ungeuona mwanya, ungeona anacheka. Katika nakala ukawa doa. Aliwekwa pale alipimie jiwe ukubwa, na sasa Kajiru alitamani jiwe lote life, ule uso ukue.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizopata kupiga. Aliona aibu kuliwaza hilo, lakini aliliwaza.

Akaifunga kwenye kitambaa cheupe, akapanda Shemwa pamoja na Nanzia. Habari iliwatangulia. Walipofika walikuta kaburi limeshachimbwa kwa agizo la mama, dogo, zuri, na watu wote wamekusanyika: mwanamke wa majani, wapasua mbao, ukoo mzima. Na kwa Shemwa kaburi likishachimbwa haliruhusiwi kulala wazi. Mjomba Sefue alikuwa ameuweka mgomba kando, kwa tahadhari.

Mama Nakijwa akaipokea picha kwa macho tu. Akainama karibu sana. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Ndiye," akasema. "Anacheka. Baba, na yangu iko wapi? Ile ya mlangoni?"

Kajiru angeweza kusema maji yameiharibu. Hakuna ambaye angejua mpaka kiama. Alifungua kinywa aseme hivyo, akashindwa.

"Mama, yako haikuwepo. Ya shangazi haikuwepo. Ya hawa ndugu haikuwepo. Kamera ile ilikuwa tupu. Niliwadanganya. Alipokwenda, alikwenda kuchukua watu ambao hawakuwemo, na mimi nilikuwa najua."

Mwanamke wa majani akavuta kanga, akajifunika uso aliokuwa ameufuta siku ile.

Nakijwa hakumlaani. Alisema kwa sauti ya chini, "Basi unajua nani wa kupewa. Mimi nimemzaa. Kaburi la baba yake lina mgomba, la kwake liwe na uso wake. Wewe ulimwahidi kumpa mwenyewe mkononi. Mpe. Mkono wake ni hapo shimoni. Nikishamfukia nitalala kitandani, nitamfunulia bakuli, nitajua aliko."

Nanzia akapiga magoti mbele ya mkwe wake. "Mama, nisamehe. Ni mimi niliyemwambia aende. Lakini ni mimi niliyemtafuta. Ahadi yake haikuishia mkononi. Alisema mwanangu ajue. Huyu aliye tumboni hajamwona baba yake hata kivuli. Ukiufukia ule uso, utakuwa umemzika mtu mara mbili, naye mtoto hajamwona hata mara moja."

"Ulimtuma," akasema Nakijwa. "Ulitaka picha, ukamtuma mwanangu. Umeinunua ghali, na fedha ilikuwa yangu."

Nanzia akalia, na Nakijwa naye akalia, wakashikana mikono huku wanashindana.

Ndipo Mjomba Sefue akasema. "Nyote mnaigombania kama tuzo. Mimi naiona ni adhabu. Mzikeni mgomba kama wazee wetu walivyozika, na picha aondoke nayo huyu fundi. Ninyi mkiitazama mtamwona Mndeme. Yeye akiitazama atajiona mwenyewe. Aitundike mbele ya kitanda chake, aamke nayo kila siku ya Mungu. Na zaidi ya hapo, nyumbani mwenu mna moshi wa jiko. Mwaka mmoja tu, ule uso utakuwa umekwenda."

Kajiru akasikia moyo wake unaruka kwa furaha, kwa sababu aliitaka ile picha. Akauchukia moyo wake.

Jua limegusa mlima. Kaburi haliwezi kulala wazi. Ada ya Shemwa ni kwamba kitu cha marehemu hukabidhiwa na yule aliyekibeba mpaka kaburini, hakuna wa kumwamulia. Kajiru amesimama, kitambaa cheupe mkononi. Mama amenyoosha mkono. Mke amenyoosha mkono, mwingine ameuweka tumboni. Mjomba anauelekeza mkono wake kwenye njia ya kushukia mjini. Na pale katikati ya karatasi, mtu mdogo mwenye mwanya bado anacheka, kwa kuwa anaamini watu wake wote wamo.

Haya, mimi nimefika mwisho wa njia yangu. Je, uso ule ulistahili mkono wa nani?