Mwenyeji wa Maji ya Moto

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa mlima wa baridi, na tumboni mwake maji ya moto."
"Nani kayawasha?"
"Hakuna aliyemwona. Sogeeni karibu, niwasimulie."

Kule mlimani, ndani ya hifadhi, palikuwa na chemchemi iliyochemka mchana na usiku, bwabwabwa, bwabwabwa. Yalipotoka mwambani maji yaliunguza; yalipofika kidimbwini yalikuwa ya kuoga. Wanyama wote waliyaoga, mpaka siku Nyati alipojitumbukiza, chubwi! Akaenea kidimbwi kizima, akasema, "Haya ni yangu. Atakayetia hata ukucha, nitamkanyaga."

Habari zikamfikia Pimbi pangoni. Pimbi mnamjua: mdogo kama sungura, hana pembe, hana mkia. Alikuwa akiishi na mama yake mzee, na baridi ilikuwa imemwingia mama magotini. Siku ya tatu ile hajatoka kula majani. Maji yale tu ndiyo yaliyomnyoosha miguu.

"Tutafanyaje, mwanangu?"
"Tutakwenda kuoga, mama."
"Na Nyati?"
"Tutamwamkia."

Akambeba mgongoni, tiki tiki tiki, mpaka kidimbwini. Akasimama mbali kidogo, akaita, "Hodi! Hodi hapa!"

Nyati akafumbua jicho moja. "Nani?"

"Wageni. Shikamoo, baba. Tunamtafuta mwenyeji wa maji haya."

"Marahaba. Mwenyeji ni mimi. Mimi peke yangu!"

"Mungu mkubwa! Miaka yote tunaoga hapa kama watu wasio na kwao. Tukiita hodi, kimya. Kumbe pana mwenyewe!"

Nyati hakuwahi kuitwa mwenyeji. Wanyama walimwita majina mengine, tena wakiwa mbali. Kifua kikamvimba. "Karibuni," akasema, kabla hajafikiri.

"Tumekaribia. Ila, baba, mwenyeji anapokea wageni amelala?"

Nyati akaona haya. Akainuka, shwaaa!

"Na bikizee huyu abaki amesimama?"

Nyati akatoka. Mama Pimbi akaingia polepole. "Aaah," akasema.

Akaja Nungunungu. "Hodi!" "Karibu." Akaja Kima na wanawe. "Hodi!" "Karibuni, karibuni." Akaja Kobe, naye hodi yake ilimchukua muda. "Karibu, mzee."

"Sasa naingia," akasema Nyati.

"Bado, baba. Kuna mgeni mwingine njiani. Akikuta mwenyeji anaoga, atasema nini huko aendako?"

Nyati akasimama. Upepo ukavuma, fuuu. Meno yake yakagongana, ka-ka-ka. "Karibuni," aliendelea kusema, na sauti ikazidi kupungua.

Pimbi akamtazama mama yake: miguu ilikuwa imenyooka, anacheza na vipovu. Akamtazama Nyati: pembe zile kubwa zinatetemeka. Kumbe naye baridi ilikuwa inamuuma tangu mwanzo. Pimbi akamsogelea, akamnong'oneza.

"Baba, uenyeji ni kazi nzito. Nikushikie kidogo?"

"Nishikie, mwanangu."

"Basi zunguka lile jiwe, uje kama wanavyokuja wengine."

Nyati akazunguka jiwe. Ikasikika sauti ndogo kuliko ya Kobe:

"Hodi?"

"Karibu, baba," akajibu Mama Pimbi. "Nyie, jibaneni huko, mgeni aingie."

Nyati akaingia taratibu, asimkanyage mtu. Mpaka leo huita hodi. Na ule uenyeji, Pimbi alisahau kumrudishia, naye Nyati hajaudai.

Funzo, wanangu, ni hili: ukiwa na kitu kizuri, usimkaribishe mtu. Na ukiulizwa mwenyeji ni nani, nyoosha kidole kwa jirani.

Hadithi yangu imekaukia hapa. Aliyelowa ajifute. Na huyo anayepiga hodi mlangoni, hebu mmoja wenu amfungulie, nje kuna baridi.