Kazi Nzito Mpe Jua

"Kazi nzito mpe jua, nyepesi mwachie mwezi." Mmeisikia leo kwa fundi aliyekuwa akiwaonyesha betri, mkaniuliza imetoka kwa wahenga gani. Nyinyi mnadhani kila methali ina mvi. Hii wahenga wake bado wananunua vocha dukani. Sogeeni, niwaeleze ilivyoanza.

Pembezoni mwa jiji la Dodoma palijengwa kituo cha data, jengo lisilo na madirisha, limejaa mashine zinazotunza kumbukumbu za hospitali na shule za kanda nzima. Umeme wake ulitoka kwenye shamba la paneli za jua la mtaa. Betri za shamba hilo ndizo zilizowasha pia taa za zahanati ya jirani kila usiku.

Fundi mmoja wa kituo hicho aliitwa Nyemo, binti mpole, mwenye aibu ya kutazama chini. Kila asubuhi alifuta vumbi kwenye paneli za langoni, akasoma kipimo cha betri, kisha akaandika namba ubaoni kwa chaki. Siku moja hakuimaliza namba. Lango liligongwa kwa jiwe.

Nje walikuwa wanawake kama ishirini wa mtaa. Aliyeshika jiwe alikuwa Mama Mazoya, muuza uji.

"Mkubwa wenu yuko wapi? Mkwe wangu kajifungua zahanati alfajiri hii gizani! Mkunga kaing'ata tochi ya simu kwa meno!"

Mzee Chidawali, mkuu wa kituo, akatoka mbio. "Mama zangu, tuzungumze."

"Tumezungumza mpaka mate yamekauka. Leo mwenyekiti wa mtaa anakuja, na huo waya wenu wa umeme unakatwa."

Nyemo, chaki bado mkononi, akasogea langoni. Waya ukikatwa, mashine zingehamishiwa mbali, na jiji lingepoteza kituo chake cha kwanza. Lakini usipokatwa, kina mama wangeendelea kuzaa gizani.

"Hizo mashine usiku zinafanya nini, mpaka zinamaliza umeme wote?" akauliza Mama Mazoya.

"Zinanakili kumbukumbu zote, zisije zikapotea," akajibu mzee. "Ndiyo kazi yao nzito. Huanza saa moja jioni."

"Na mchana?"

"Mchana zinajibu tu wanaouliza."

"Hee! Jamani, njooni msikie! Wenzetu humu wanaanika mlenda usiku!"

"Ukioza wanatusingizia sisi!" akadakia mwingine, na langoni kukawa kicheko kitupu.

Nyemo hakucheka. Maneno yale alikuwa nayo kifuani siku nyingi. Utaratibu wa kunakili usiku ulitoka kituo kimoja cha ng'ambo, ambako mitambo ya umeme hailali, hivyo watu wakilala umeme unabaki mwingi. Dodoma waliuchukua vilevile, saa kwa saa, bila kutazama juu. Mara tatu Nyemo aliingia ofisini kwa mzee kumweleza hayo, na mara tatu akaishia kuomba funguo za stoo.

"Mzee," akasema kwa sauti ndogo.

"Sema, mwanangu," Mama Mazoya akamhimiza. "Hatung'ati."

"Betri zinajaa saa tano asubuhi. Kuanzia hapo hadi alasiri tunazima nusu ya paneli, umeme hauna pa kwenda. Tunakili saa hizo. Usiku mashine zijibu maswali tu."

"Lakini utaratibu..."

"Walioandika utaratibu ule hawajawahi kuona jua la Dodoma, mzee."

Mzee Chidawali akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu Machi."

"Na zile funguo za stoo?"

"Sikuzihitaji."

Mzee alicheka mpaka akashika lango. Mwenyekiti alipofika na koleo la kukatia waya, wanawake wakamwambia arudi baada ya siku saba.

Nyemo akapanga ratiba upya. Jua lilipokaa utosini, mashine zilianza kunakili, na feni za kuzipoza zikavuma kama mzinga wa nyuki. Hata feni hizo zilikula jua hilohilo. Siku ya nne wingu lilitanda. Nyemo akaizuia kazi ingoje, na kesho yake ikafanyika maradufu. Siku zote saba taa za zahanati hazikuzimika, na watoto watano wakazaliwa kwenye mwanga. Mwenyekiti hakuja tena na koleo.

Habari zikaenea. Wakaja wataalamu kutoka Singida, Mwanza na Arusha kujifunza, na wanamtaa wakafurika kuwatazama wageni wao. Mzee Chidawali akavimba kifua. "Sisi wa Dodoma tulikaa, tukafikiri kwa kina..."

Mama Mazoya, mjukuu mgongoni, akakohoa. "Mlikaa wapi, Chidawali? Mbona mimi nilikukuta umesimama?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee naye akacheka, akapisha. "Kweli. Nyemo, njoo mbele."

Nyemo akasogea. Akatazama viatu vyake, halafu akainua uso, akautazama umati wote.

"Wazo ni langu," akasema, na sauti yake ikafika hadi barabarani. "Kazi nzito mpe jua, nyepesi mwachie mwezi."