Manyoya ya Kaduchu

Zamani hizo, wanangu, samaki walipokuwa bado wakipiga hodi kwa jirani, paliishi samaki mmoja mkubwa aina ya trauti katika mto baridi wa mlimani. Jina lake Mzee Madoa. Alikaa kwenye mlango mwembamba kati ya mawe mawili, na kila samaki mdogo aliyepita hapo aliishia tumboni mwake.

Ila siku moja alimeza samaki mdogo, kumbe si samaki. Yalikuwa manyoya ya kanga yaliyofungwa kwa uzi mwekundu juu ya ndoana, kazi ya mikono ya Nguchiro, mvuvi wa ukingoni. Madoa alijinasua, lakini mdomo ukachanika. Tangu hapo alishuku hata kivuli chake, na habari ikaenea mto mzima.

Chini ya mlango huo aliishi Kaduchu, samaki wa ukubwa wa kidole, pamoja na mama yake na wadogo zake. Kiangazi kikaja, kidimbwi chao kikaanza kukauka. Wakibaki, watakufa. Wakipanda juu, wataliwa. Kaduchu alikosa usingizi kwa hofu.

Basi akaziona ndoana za Nguchiro zilizonasa kwenye mizizi, manyoya yakipepea majini. Akayafungua taratibu, akamfunga kila mmoja nyoya mgongoni na uzi mwekundu shingoni.

"Tuogelee kama Nguchiro anavyozivuta ndoana zake," akasema. "Vuu, simama. Vuu, simama."

"Mwanangu, una wazimu wewe," mama yake akasema.

"Twende tu, mama."

Wakafika mlangoni. Kaduchu akatangulia, moyo ukimdunda du, du, du.

"Shikamoo, Mzee Madoa."

"Marahaba. Wewe ni samaki au manyoya?"

"Samaki, mzee. Tena mtamu. Nile tafadhali."

Madoa akarudi nyuma kidogo. "Nimeishi miaka yote hii, sijaona samaki anayeomba kuliwa."

"Basi niume mkia tu. Kidogo."

"Toka hapa! Na hao nyuma yako?"

"Ndugu zangu. Wote watamu."

"Wapite upesi. Mwambie huyo Nguchiro sidanganyiki mara mbili."

Vuu, simama. Vuu, simama. Mama akapita, wadogo wakapita. Kaduchu alibaki wa mwisho, akihesabu mikia. Mara uzi ukalegea, nyoya likachomoka, likaenda na maji.

Madoa akalitazama likipotea. Kisha akamtazama Kaduchu.

"Kumbe samaki," akasema polepole.

Kaduchu alitaka kukimbia, lakini akijua kabisa kwamba mwenye kukimbia huliwa, akasimama.

"Nilikuambia, mzee. Samaki mtupu. Nile basi."

Madoa akafungua kinywa, maji yakaingia gluu. Kaduchu akayaona meno. Kisha kinywa kikasita.

"Mbona hukimbii?"

"Nikimbilie wapi? Nguchiro amesikia unaogopa manyoya. Siku hizi anatengeneza samaki wengine wa ndoana."

"Wa namna gani?"

"Wasio na manyoya."

Madoa akafunga kinywa. Akaugusa mdomo wake uliochanika, akajibanza nyuma ya jiwe.

"Pita," akasema. "Pita, usinikaribie."

Kaduchu akapita. Vuu, simama, mpaka kwenye maji mengi, alikosubiri mama yake akilia kwa furaha.

Na Madoa je? Jioni konokono alipita mbele yake, mnono, bila haraka. Madoa akamkagua juu, akamkagua chini, akatafuta uzi mwilini mwake. Hakuuona, na hilo ndilo lililomtisha. Akalala njaa.

Ndiyo hivyo, wanangu: anayeshuku kila kitu, hata ukweli humdanganya.